Biashara ya Upepo

Wiki ya pili ya Novemba nilipiga magoti kwenye kibustani kilicho nyuma ya nyumba tunayopanga wanafunzi watano hapa Leiden, Uholanzi, nikachimba mashimo 20 kwa kijiko cha kupakulia wali. Jembe sikuwa nalo. Mfuko wa vitunguu vya tulipu nilikuwa nimeununua Jumamosi yake sokoni, kando ya mto, na mzee aliyeniuzia alinipa maelekezo manne: ncha iangalie juu, shimo liwe na kina mara tatu ya urefu wa kitunguu, usipande mahali panapotuama maji, kisha subiri.

"Hadi lini?" nikamuuliza.

"Aprili," akasema, akamgeukia mteja mwingine.

Naviita vitunguu kwa sababu ndivyo macho yanavyoviona. Vina ganda la kahawia linalobanduka ukiligusa, na ukikata kimoja katikati unakuta matabaka manono yamekumbatiana. Ukivipanga mafungu pale soko la Chifu Kingalu, kwetu Morogoro, mama yangu angelipa bila kuuliza na kwenda kuvikaanga na nyanya. Kuna hata kisa maarufu cha baharia aliyeokota kitunguu kimoja kwenye kaunta ya mfanyabiashara wa Kiholanzi, akakila na samaki wake, kumbe amekula mali ambayo ingelisha mabaharia wa meli nzima kwa mwaka. Kisa hicho kimo kwenye kitabu cha Charles Mackay, Mskoti aliyeandika mwaka 1841 juu ya wazimu wa makundi ya watu, na kimesimuliwa tena na tena kila masoko ya fedha yanapoanguka mahali fulani duniani. Wanahistoria wa leo hawakiamini. Lakini kinachekesha, na kisa kinachochekesha hakihitaji ushahidi ili kiishi.

Hilo nalijua kwa sababu mwezi mmoja kabla ya kupanda, nami nilikuwa nimechekesha darasa kwa kisa cha aina hiyo hiyo.

Tulikuwa tunaanza mada ya tulipu katika somo la historia ya uchumi. Mwalimu akauliza kama kuna mwenye mfano wa kwao, mfano wa watu waliorukwa na akili kwa sababu ya fedha. Nikanyoosha mkono, nikamtoa baba yangu.

Nilipokuwa darasa la tano, baba, mwalimu wa shule ya msingi, alichukua fedha za kuezekea nyumba akazipeleka kwenye upatu. Wenyewe hawakuuita upatu. Waliita kupanda mbegu: unapanda leo, unakaa miezi kadhaa, unavuna zaidi ya mara mbili. Alipanda. Hakuvuna. Siku moja ofisi ikafungwa, na nyumba yetu ikabaki pagale. Masika yakaja yakanyesha sebuleni, na mpapai ukaota katikati ya chumba ambacho kingekuwa changu. Huo mpapai ndio niliousimulia kwa mbwembwe darasani: jinsi ulivyozaa, jinsi tulivyokula mapapai ya chumbani kwangu, jinsi baba mdogo alivyosema kwamba angalau kuna mbegu moja iliyoota. Darasa zima likacheka. Nami nikacheka.

Nikiwa natoka, mwalimu akanipa jina la kitabu cha kusoma kabla ya kipindi kijacho.

*

Tulipu si ua la Uholanzi. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, sehemu kama Tien Shan, ambako majira ya baridi ni makali, majira ya kuchipua ni mafupi, na kiangazi hukausha kila kitu. Mmea unaoishi mahali kama hapo hauna budi kujificha. Ndiyo maana tulipu ina kitunguu: ni ghala la chakula lililofukiwa, lenye jani na ua ndani yake vikiwa vimeshakunjwa tayari, vikingoja ruhusa. Ruhusa yenyewe ni baridi. Kitunguu cha tulipu kinahitaji majuma 12 hadi 16 ya baridi, chini ya nyuzi 9 au 10 hivi, kabla hakijaweza kutoa ua zuri. Bila baridi hiyo kitachipua majani, kitatoa ua lililodumaa, au hakitatoa ua kabisa.

Nilimweleza mama haya kwa simu alipoomba nimletee vitunguu kadhaa nikija likizo. Nikamwambia Morogoro itabidi avilaze kwenye friji miezi mitatu, mbali na matunda, kwa sababu hewa inayotoka kwenye ndizi au papai linaloiva huua ua lililo ndani ya kitunguu.

"Friji yangu ina samaki na maji ya kuuza," mama akasema. "Hilo ua lako lilale wapi?"

Kutoka milimani tulipu iliingia kwenye bustani za masultani wa Osmani, na kutoka Istanbul, katika karne ya 16, ikaingia Ulaya pamoja na mabalozi na wafanyabiashara. Hapa Leiden jina linalotajwa ni la Carolus Clusius, mtaalamu wa mimea aliyezaliwa Arras mwaka 1526 na aliyewahi kutunza bustani ya mfalme mkuu huko Vienna. Alifika Leiden mwaka 1593, akiwa mzee wa miaka 67, kuisimamia bustani ya chuo kikuu, akaja na vitunguu vyake. Bustani hiyo ipo hadi leo, na sehemu yake imepangwa upya kufuata mpango wa Clusius. Naipita nikienda maktaba. Kwa Clusius na rafiki zake tulipu haikuwa bidhaa. Walipeana vitunguu kama zawadi, kwa barua, na kila aliyepokea alijua kwamba siku moja naye atatoa. Wageni wasio na adabu hiyo walikuja usiku. Clusius mwenyewe alilalamika kwenye barua zake kwamba vitunguu vyake vinaibwa.

Maua yaliyowatia watu tamaa zaidi hayakuwa ya rangi moja. Yalikuwa meupe au ya manjano yenye michirizi myekundu au ya zambarau, kama ndimi za moto, na hakuna maua mawili yaliyofanana. Mkulima angeweza kupanda kitunguu cha ua la rangi moja miaka yote, kisha mwaka mmoja likachanua na michirizi bila yeye kujua kwa nini. Watu walijaribu kila dawa. Jibu lilipatikana karibu miaka 300 baadaye: mwaka 1928 Dorothy Cayley, mtafiti wa Uingereza, alionyesha kwamba ile michirizi ni ugonjwa unaoambukizwa kutoka kitunguu hadi kitunguu. Ni virusi, na wanaovisambaza ni vidukari, wadudu wale wale wadogo wanaonyonya majani ya maharage. Virusi hivyo hulipamba ua na papo hapo huudhoofisha mmea, hivyo kitunguu chenye ua zuri zaidi huzaa vitoto vichache zaidi. Na kwa kuwa tulipu iliyopandwa kwa mbegu huchukua miaka mitano hadi saba au zaidi kabla ya kuchanua, njia pekee ya kupata ua lile lile ni kungoja hivyo vitoto. Uzuri ulikuwa adimu kwa sababu ulikuwa mgonjwa.

*

Aliyewahi kutunza tulipu ataielewa biashara yake haraka kuliko aliyesoma vitabu tu, kwa sababu yote imo ndani ya kalenda ya bustani. Ua huchanua Aprili na Mei. Likishapukutika, unakata kichwa chake ili mmea usipoteze nguvu kwenye mbegu, lakini majani unayaacha hadi yawe manjano, kwa sababu ndiyo yanayokilisha kitunguu cha mwaka ujao. Juni unachimbua, unakausha, unahifadhi mahali pakavu. Vuli unapanda tena. Kwa hiyo kitunguu kinaweza kupita mkono hadi mkono miezi michache tu ya kiangazi. Miezi mingine yote kiko ardhini, na ukikichimbua kukikagua, umekiharibu.

Katika miaka ya 1630, Haarlem na miji jirani, watu walianza kununua na kuuza hata miezi hiyo mingine. Walikutana kwenye vyumba vya nyuma vya vilabu vya pombe. Muuzaji aliuza kitunguu kilichokuwa chini ya udongo wa bustani fulani, mnunuzi akaahidi kulipa kitakapochimbuliwa, kisha kabla ya Juni akaiuza ahadi yake kwa mwingine kwa bei ya juu. Waholanzi wenyewe waliipa biashara hii jina: biashara ya upepo. Hakuna aliyeshika kitunguu, na fedha zilikuwa bado hazijashikwa. Kilichopita mkono hadi mkono kilikuwa neno la mtu. Wakati huo huo tauni ilikuwa ikiua watu Haarlem, na bado walikutana, wakakaa meza moja, wakaahidiana kiangazi.

Mwanzoni mwa Februari 1637, katika mnada mmoja Haarlem, wanunuzi wakanyamaza. Wiki hiyo hiyo, tarehe 5, mjini Alkmaar, vitunguu vya marehemu Wouter Winkel, mwenye kilabu cha pombe, vilipigwa mnada kwa niaba ya watoto wake mayatima. Jumla ya bei ilifika gilda 90,000 hivi, wakati fundi mzuri alipata kama gilda 300 kwa mwaka. Habari za Haarlem zilipoenea, soko likafa kila mahali. Kiangazi kilikuwa bado miezi minne mbele, vitunguu viko ardhini salama, vinaendelea kukua kama kawaida yao. Kilichooza kilikuwa juu ya ardhi.

Mackay anasimulia kwamba taifa zima lilipagawa, hadi vijakazi na wasafisha dohani, kisha likafilisika. Kitabu nilichopewa na mwalimu, cha mwanahistoria Anne Goldgar, kilichotoka mwaka 2007, kinasema vingine. Goldgar alikwenda kwenye nyaraka zenyewe: mikataba ya mawakili, kesi, mirathi. Aliwatafuta waliofilisika kwa sababu ya tulipu na hakuwapata kama walivyosimuliwa. Waliotumia zaidi ya gilda 300 kununua vitunguu aliwahesabu 37 tu. Walikuwa wafanyabiashara na mafundi wenye uwezo, na walifahamiana: mtu na shemeji yake, majirani wa mtaa mmoja, wenye biashara ya aina moja, waumini wa kanisa moja la Wamenoni. Mchoraji Jan van Goyen, aliyenunua vitunguu siku chache tu kabla ya anguko, kweli alikufa na madeni mwaka 1656, lakini mengi ya madeni hayo yalitokana na ununuzi wa ardhi.

Basi wazimu ulitoka wapi? Ulitoka kwenye vijitabu vya kejeli vilivyochapishwa miezi ile ile ya 1637. Kimoja ni mazungumzo ya watu wawili ambao majina yao ni kama Msema-Kweli na Mroho-wa-Mali. Mackay alipata habari zake kwa waandishi waliotegemea vijitabu hivyo. Yaani tumerithi kicheko, tukakiita historia.

Februari nilipanda treni hadi Haarlem kuangalia mchoro wa Hendrik Pot ulioko kwenye Jumba la Makumbusho la Frans Hals. Ni gari lenye tanga, linasukumwa na upepo kuelekea baharini. Juu yake amekaa Flora, mungu wa maua, ameshika tulipu, amezungukwa na wajinga waliovaa kofia za kijinga. Nyuma wafumaji wa mji wametupa zana zao za kazi na wanalikimbilia gari, wakitaka nao wapande. Nilisimama mbele ya mchoro ule muda mrefu. Nilikuwa nawatazama wale wa nyuma, wasio na majina. Nikajiuliza kama watoto wao waliuona, na kama waliona aibu.

Kulingana na Goldgar, kilichowaumiza Waholanzi hakikuwa fedha hasa. Kiliwaumiza kwamba mtu aliyetoa neno lake mbele ya mashahidi alikataa kulitimiza, na hakukuwa na wa kumlazimisha. Walioahidi kununua walikataa kulipa. Waliouza walishindwa kuwalipa waliowauzia wao. Mahakama hazikutaka kesi hizo. Hatimaye, Mei 1638, halmashauri ya mji wa Haarlem iliamua kwamba mnunuzi anaweza kujitoa kwa kulipa asilimia 3.5 ya bei waliyokubaliana. Asilimia 3.5, na neno lako limefutwa.

Baridi ile ile ya Februari nilikuwa nikitoka kila asubuhi kuangalia kibustani changu. Udongo ulikuwa mweusi, mtupu, mara nyingine umeganda. Nilikuwa na risiti ya euro tano na neno la mzee wa sokoni. Nilitamani kufukua kimoja tu nione, nikajizuia.

*

Kuna jambo moja Mackay hakuishi kuliona. Kisa chake cha baharia ni cha kubuni, lakini Waholanzi walikuja kula vitunguu vya tulipu kweli. Majira ya baridi ya 1944 na 1945, magharibi mwa nchi hii, chini ya Wajerumani, chakula na kuni viliisha. Biashara ya maua ilikuwa imesimama kwa sababu ya vita na vitunguu vilikuwa vimejaa maghalani. Watu wakaelekezwa namna ya kuvimenya, kutoa kiini cha njano katikati, kisha kuvichemsha au kuvisaga unga. Katika njaa hiyo walikufa watu wapatao 20,000. Wapo wazee hapa Leiden ambao wakiwa watoto walikionja kitunguu hiki. Tangu nijue hilo sijaweza kukisimulia tena kile kisa cha baharia kama mzaha.

Machi mwishoni, pua za kijani zikatokeza. Nilihesabu 17 kati ya 20. Aprili likafunguka ua la kwanza, jekundu la kawaida, rangi moja, lenye afya. Nikalipiga picha nikamtumia baba, kisha nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Nimeliona. Linanukia?"

"Halinukii sana." Nikanyamaza. Kisha nikasema nililokusudia kusema tangu Oktoba. "Baba, nilikusimulia darasani. Habari za upatu. Na ule mpapai."

Alikaa kimya kiasi nikadhani mtandao umekatika.

"Walicheka?"

"Walicheka."

"Na wewe?"

"Na mimi baba. Naomba unisamehe."

"Mpapai ulichekesha kweli," akasema. Kisha akauliza, taratibu, kama anavyomuuliza mwanafunzi aliyeruka hatua ya hesabu: "Uliwasimulia na habari ya mzee jirani yetu, na ya mwalimu mwenzangu?"

Sikujua habari hiyo. Ndipo akanieleza. Yeye aliingizwa na mtu wa jumuiya yake ya kanisani, mtu aliyekuwa amekwisha kuvuna mara mbili na fedha zake akazionyesha. Halafu yeye mwenyewe akawaingiza wawili. Hakuwashawishi sana. Waliweka kwa sababu Mwalimu ameweka. Ofisi ilipofungwa, watu wale hawakwenda kulia kwenye ofisi. Walikuja nyumbani jioni, wakakaa kwenye benchi, wakanywa chai, hawakusema kitu.

"Ikawaje?"

"Nikawalipa. Kila mwisho wa mwezi, kidogo kidogo, huyu na huyu."

"Zote?"

"Walichoweka chote. Faida sikuwapa, faida haikuwapo."

"Miaka mingapi?"

"Wewe unakumbuka tuliezeka lini?"

Tuliezeka nilipokuwa kidato cha tatu. Miaka yote ile nilidhani pagale letu ni la fedha zilizoliwa na upatu. Kumbe fedha za upatu zilikwisha mara moja, siku ile ile ofisi ilipofungwa. Bati tulizozikosa miaka iliyofuata ni zile zilizokwenda kwenye nyumba mbili nyingine za mtaa wetu, na baba mdogo aliyetania habari ya mbegu moja kuota hakuwahi kuambiwa. Hakuna halmashauri iliyomwamuru baba, na hakuna iliyomwambia kwamba asilimia 3.5 ingetosha.

Wiki iliyofuata niliomba dakika tano darasani. Nilisema kisa nilichosimulia Oktoba kilikuwa nusu, nikasimulia nusu ya pili. Hakuna aliyecheka. Mwalimu akaandika kitu kwenye daftari lake, na kipindi kikaendelea.

*

Majani niliyaacha hadi yakawa manjano, ingawa mwenzangu mmoja nyumbani alilalamika kwamba yanachafua bustani. Juni nikachimbua kwa kijiko kile kile. Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo mzee wa sokoni hakuniambia. Kitunguu cha tulipu ulichopanda hukikuti tena. Kimejimaliza chote kulilisha ua, na mahali pake kuna ganda la kahawia, jepesi kama karatasi, na ndani ya ganda hilo vitunguu vipya viwili au vitatu, vingine vidogo kama punje ya kitunguu saumu. Vikubwa vitachanua mwakani. Vidogo vitangoja miaka kadhaa. Nilivitandaza kwenye gazeti barazani vikauke, nikamtumia baba picha.

Jibu lake likaja jioni. "Na kile cha zamani kiko wapi?"

"Kimeisha baba. Ndicho kilichotoa hivi."

Ikapita kama dakika mbili.

"Basi vihesabu vizuri," akaandika, "na usiviweke jikoni. Mama yako anakuja kukutembelea siku moja."